Westlands Nililipa Kujificha, Nyumbani Nafichwa Bure

Walahi nilidhani tumepotea.

Ni Westlands, Jumamosi, saa tatu na nusu usiku. Niko na wasichana wawili ninaosoma nao chuo. Tumesimama kwenye chumba kidogo kama duka la vitabu vya mtumba. Nje hakuna bango. Ndani hakuna muziki. Kuna kabati la vitabu, taa moja ya manjano, na jamaa wa miraba minne amekaa kwenye stuli anacheza na simu. Akaniangalia. Akaangalia hijabu yangu. Akaniangalia tena.

"Vitambulisho."

Tukatoa.

"Na neno?"

Rafiki yangu, ambaye ndiye alikuwa anasherehekea kuzaliwa, akataja neno alilotumiwa kwenye simu mchana ule. Hata halina maana yoyote, ni jina la tunda. Jamaa akasukuma kabati, na vitabu vyote vikazunguka kama mlango. Kumbe nyuma kuna dunia nyingine: viti vya ngozi, mishumaa, kaunta ndefu ya mbao, chupa zimepangwa hadi dari, na watu wanaongea polepole kama wako maktaba.

Hizi baa za siri ndizo zinatamba mijini sasa. Jina lake ni speakeasy, yaani mahali pa kusema kwa sauti ya chini. Hakuna bango, unaingia kwa neno la siri, na vinywaji havimiminwi tu, vinatengenezwa kimoja kimoja mbele ya macho yako. Kokteli moja inaweza kuchukua dakika tano na mtu anakusimulia hadithi yake.

Sasa kabla hujanirukia, wacha niseme mambo mawili. Moja, sikunywa pombe. Sijawahi, na sina mpango. Pili, siandiki hapa kutetea kwenda. Najua dini inasema nini kuhusu kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe, na kama ningesahau, hooyo amenikumbusha mara tatu wiki hii. Yuko sahihi, sibishani naye hapo. Ninachotaka tuongee ni kitu kingine. Kwa nini meza hiyo, ya watu wengine, ya kitu nisichokunywa, ndiyo ilikuwa meza ya kwanza maishani mwangu ambapo nilikaa usiku, nje ya nyumba, bila pazia, na mtu akaniuliza napenda kunywa nini?

Nina miaka 22. Natoka Garissa. Hebu fikiria hilo kidogo.

Jamaa wa kaunta alikuwa rika letu, aproni ya ngozi, mikono imejaa michoro. Nikamwambia mimi situmii pombe, nikisubiri anipe soda na uso wa huruma. Hakunipa. Akaegemea kaunta akauliza, "Sawa. Unapenda ladha gani? Tamu, chachu, kali, ya viungo?"

Nikakwama. Kwetu chai inakuja ikiwa imeshaamuliwa. Nikasema tu iliki, tangawizi, na isiwe tamu sana.

Akachukua ukwaju, ndimu, na sharubati aliyoichemsha mwenyewe na iliki. Akaponda tangawizi. Akatia barafu moja kubwa, safi kama kioo. Halafu akachoma kipande cha mti, akafunika glasi kwa kifuniko cha kioo na moshi ukajaa ndani. Alipofunua, ule moshi ukanijia usoni, na mimi nikawa si Westlands tena. Nikawa kwa ayeeyo.

Moshi ule naujua. Ayeeyo wangu hajawahi kukanyaga Westlands, lakini kazi ile ameifanya maisha yake yote. Anachukua kijinga cha moto cha mti anaoujua yeye, anakitia ndani ya dhiil, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, anafunika, anatikisa, moshi unashika kuta za ndani. Anasafisha majivu, ndipo maziwa ya ngamia yanaingia. Yanadumu zaidi, na yakichachuka yanakuwa suusac yenye harufu ya moshi, kitu ambacho ukikizoea utotoni huwezi kukisahau. Hakuna mtu aliyewahi kumwita ayeeyo fundi wa vinywaji. Hakuna aliyempigia makofi akifunua chombo. Na hakuna aliyemlipa shilingi 950, ambayo ndiyo bei niliyolipa kwa glasi moja.

Mia tisa hamsini, wasee. Kwa pesa hiyo, pale ninaponunua chai nyumbani, ninapata vikombe 31 na chenji inabaki.

Lakini niseme ukweli, haikuniuma. Kwa sababu sikulipia ukwaju. Nililipia kiti. Nililipia mtu aniulize swali na asubiri jibu. Na hapo ndipo stori yangu inaanzia.

Hizi baa hazikuanza kama mchezo. Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe nchi nzima, na marufuku hiyo ikadumu hadi Desemba 1933. Watu hawakuacha kunywa, waliingia mafichoni. Milango bila jina, tundu la kuchungulia, neno la siri, na ukiwa ndani ongea polepole polisi wasisikie.

Sasa kuna kipande ambacho wanaotengeneza video za hizi baa hawakisemi sana. Kabla ya marufuku, baa za kawaida za Marekani, zile za hadharani kabisa, zilikuwa za wanaume. Mwanamke wa heshima hakukaa kaunta. Ni kule mafichoni ndiko wanawake wengi walipopata kiti kwa mara ya kwanza, wakakaa pamoja na wanaume, wakasikiliza muziki, wakaongea. Sehemu ya wazi ilikuwa imewafungia, sehemu ya siri ikawafungulia. Haikuwa sababu ya kupenda pombe. Ilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Mtindo wa sasa ulirudi New York. Mwaka 1999 jamaa anaitwa Sasha Petraske alifungua baa ndogo isiyo na bango, Milk & Honey. Alikuwa na kanuni za nyumba, na moja ilisema mwanamume asijitambulishe kwa mwanamke asiyemjua. Mwanamke akitaka kuanzisha maongezi, sawa. Asipotaka, aachwe anywe kwa amani. Mwaka 2007 ikaja PDT, ambayo unaingilia kwenye kibanda cha simu ndani ya duka la soseji. Baada ya hapo dunia nzima ikaiga, mpaka ikafika kwetu Nairobi na makabati ya vitabu.

Ile kanuni ya Petraske ndiyo inanisumbua kichwa. Mtu mmoja mwaka 1999 alikaa chini akajiuliza, mwanamke akija hapa usiku, nitafanyaje akae bila kusumbuliwa? Kwetu hatujaanza hata kuuliza.

Na Kenya tusijifanye tumejifunza mafichoni kutoka New York. Chang'aa ilikuwa marufuku kwa miaka mingi, hadi sheria ya 2010, ile watu huita sheria ya Mututho, ilipoiruhusu kwa masharti ya viwango na leseni. Muda wote huo mama pima aliuzia nyuma ya nyumba, mtoto amesimama njiani kuangalia kama polisi wanakuja. Huyo mama hakuwa na mshumaa wala kiti cha ngozi. Alikuwa na mtungi, hofu na karo ya shule. Wateja wake wengine walipofuka au kufa kwa pombe iliyochanganywa sumu, kwa sababu kitu kinachofichwa hakikaguliwi. Leo mtu anayependa kumcheka mama pima analipa zaidi ya elfu moja kwa kokteli ili ajisikie kama anavunja sheria, huku risiti inatoka na kodi imekatwa.

Kwa hivyo kuna kujificha kwa aina mbili. Kuna kule unakolipia, ukichoka unatoka. Na kuna kule unakozaliwa ndani yake.

Chukua tu mlango. Pale Westlands tulicheka sana jamaa alipoomba vitambulisho, lakini mimi nilicheka kwa sababu nyingine. Ukisafiri kwa basi kutoka Garissa kwenda Nairobi, kuonyesha kitambulisho si mchezo wa kuingia sherehe. Basi linasimama kwenye kizuizi, watu wanashuka, kadi mkononi, unatembea hadi upande ule mwingine kana kwamba unavuka mpaka ndani ya nchi yako. Na kuipata hiyo kadi, kwa miaka mingi kijana wa kwetu alipitia kamati ya kumchunguza kama ni Mkenya kweli, mpaka Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo umeisha. Kwa hivyo mtu akiniambia ni raha kusimama mlangoni na kuulizwa wewe ni nani, ninamwelewa. Kwake ni mara ya kwanza.

Turudi Garissa, kwa sababu watu wa Nairobi wanadhani kwetu usiku hakuna kitu.

Kuna kitu. Baada ya Isha joto linapungua, upepo unatoka upande wa Tana, na mji unaamka. Viti vya plastiki vinatolewa. Mama anawasha jiko, sufuria linachemka, iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi, maziwa. Ile harufu ukiipita na njaa unaweza kulia. Mahali hapo panajaa. Siasa, mpira, bei ya ng'ombe, nani anaoa, nani amepata kazi kaunti. Ukitaka kujua Garissa inafikiria nini, kaa pale.

Ila wewe ukiwa msichana huwezi kukaa pale.

Hakuna sheria. Hakuna bango limeandikwa marufuku. Ni macho tu. Sisi tunakunywa chai ileile ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa, kaka anatuletea vikombe dirishani kama anauza magendo. Au tunaingia hoteli kupitia mlango wa pembeni, tunaenda sehemu ya familia, pazia linafungwa. Nikiwa Westlands nikiangalia lile kabati likizunguka, nikawaza, naya, sisi tulikuwa na hii kitu zamani. Mlango wa pembeni, pazia, kuongea polepole. Kilichokosekana ni mshumaa tu.

Nisieleweke vibaya kuhusu pazia. Kuna dada anavaa nikabu na anataka kula bila kuangaliwa, pazia ni haki yake na libaki. Shida ni pale pazia linapokuwa ndiyo kiti pekee ulichowekewa.

Na najua kuna sababu ya mji wetu kuogopa usiku. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri nilio nao leo. Siku chache zilizofuata serikali iliweka kafyu kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwetu, Wajir, Mandera na Tana River. Nakumbuka giza likiingia na hakuna sauti ya mtu barabarani. Hata mbwa walinyamaza, au ndivyo akili yangu ya utotoni ilivyohifadhi. Mji ukijifunza hivyo kwamba usiku ni hatari, hausahau haraka. Wanaume walirudi kwenye viti vyao kidogo kidogo. Sisi hatukuwa na viti vya kurudia.

Sasa wacha niwaambie sehemu ambayo haikuwa kwenye klipu.

Saa sita kasoro usiku nikataka kuondoka. Wenzangu wakasema bado. Sawa, ni sherehe yao. Nikatoka peke yangu, kabati likajifunga nyuma yangu, nikasimama kando ya barabara kuita teksi kwa simu. Ya kwanza ikakubali, ikaghairi. Ya pili ikaghairi. Simu ikabaki asilimia nne. Jamaa wawili wakaanza kuniita kutoka kwenye gari, mmoja akashuka. Kurudi ndani nilitakiwa nigonge, jamaa wa mlangoni hakuwepo, na ule mlango ukiufunga kwa nje ni ukuta tu, hakuna mtu anayekusikia.

Abti wangu anaishi Eastleigh. Usiku ule, bila foleni, ni mwendo wa dakika ishirini. Abti angekuja na pijama. Nilikuwa na namba yake. Nilikuwa na asilimia nne. Sikupiga.

Sikupiga kwa sababu kabla hajaniuliza kama niko salama, angeuliza niko wapi. Nilimwogopa abti kuliko nilivyowaogopa wale watu wawili. Nikatembea haraka hadi kituo cha mafuta, nikasimama karibu na mhudumu mwanamke aliyekuwa zamu, yule mama akaniambia, "Kaa hapa, binti, chaji simu." Nikafika chumbani saa saba na nusu. Mzima. Wengine hawafiki.

Hiyo ndiyo bei halisi ya mafichoni, siyo 950. Ukiwa mahali ambapo hukutakiwa uwe, huwezi kuomba msaada. Kila hatari inakuja na hatari ya pili, ile ya kujieleza. Na watu wabaya wanajua. Wanajua msichana aliyejificha hapigi kelele.

Klipu ilikuwa ya sekunde 11. Rafiki yangu aliiweka kwenye stori yake, mimi nikionekana pembeni nacheka, moshi mbele ya uso. Ilifika Garissa kabla yangu. Niliposhuka kwenye basi likizo ilipoanza, hata muuza maji alikuwa ameiona.

Hooyo hakupiga kelele. Alisubiri tumalize kula.

"Ulikunywa nini?"

"Ukwaju na tangawizi, hooyo."

"Tu?"

"Walahi, tu."

"Kwa pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu sana. Mpaka leo nadhani bei ilimuumiza kuliko baa. Halafu nikamwambia na ile sehemu ya barabarani, ambayo sikuwa nimepanga kumwambia. Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Kwa nini hukumpigia abti yako?" Nikamwangalia tu. Akajua jibu. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Tangu siku hiyo nimesikia hoja zote. Wacha nizijibu kwa heshima.

Wanasema: hii ni mila na dini yetu. Chai ni halali, ndugu zangu. Kiti cha plastiki ni halali. Na msiniambie tatizo ni mwanamke kuonekana, kwa sababu Garissa mwanamke anaonekana kila saa. Nenda sokoni. Nani anauza maziwa ya ngamia? Nani anauza nguo? Nani anauza miraa hadi usiku, mbele ya wanaume hao hao? Nani anachemsha chai hiyo mnayonywa? Mwanamke anaonekana akiuza. Asichoruhusiwa ni kuonekana akikaa. Akifanya kazi ni sawa, akipumzika ni fitina.

Wanasema: mkianza na chai mtaishia kwenye pombe. Mimi nimeona kinyume. Nilienda baa kwa sababu hakuna mahali pengine palipoahidi kiti, taa na swali la unapenda nini. Kama kungekuwa na mahali pa chai pa namna hiyo, penye mwanga, penye familia, penye mama anayejulikana na kila mtu, ningefanya nini nyuma ya kabati la vitabu? Mkifunga mahali pa wazi, hamjazuia mtu kutoka. Mmemchagulia tu atoke kwenda wapi.

Wanasema: usalama. Hiyo naiheshimu zaidi. Lakini usalama ni nini? Ni gari lenye vioo vyeusi nyuma ya ghala, au ni kiti chini ya taa ya barabarani ambapo watu arobaini wanakujua kwa jina la babu yako? Hata hapa Garissa kuna vyumba vya kukodi ambavyo vijana hukutana, mnavijua na mnajifanya hamvijui. Huko ndiko wasichana wanaumia. Sijawahi kusikia msichana aliyeumia akinywa chai mbele ya msikiti.

Na kwa wale wa rika langu wanaosema "sis, hamia tu Nairobi": si wote tunaweza, na si wote tunataka. Naupenda mji wangu. Sitaki kuwa mtu huru kilomita mia tatu na kitu kutoka nyumbani na kivuli nikiwa kwetu.

Ninachotaka si kikubwa. Sihitaji neno la siri. Nataka kaunta mbele. Nataka mahali pa chai panapofunguliwa baada ya Isha hadi saa nne, meza chache za familia na za wasichana nje, taa kali, hakuna miraa, hakuna moshi wa sigara. Nataka yule mama anayechemsha aandike menyu yake ukutani: shaah ya maziwa ya ngamia, chai ya rangi yenye karafuu, maji ya ukwaju, suusac kwa wanaojiweza. Aulize watu wanapenda ladha gani. Aongeze bei kidogo, tutalipa. Kama kijana wa Westlands anaitwa msanii kwa kufukiza glasi moja, aliyefukiza dhiil miaka hamsini tumwite nani?

Na nyinyi wenye mitaji mnaojenga hoteli kubwa za orofa nne, mnatumia mamilioni kwa vigae na taa za dari, halafu sehemu ya wanawake mnaiweka karibu na choo. Hebu mwulize dada yako angependa kukaa wapi. Swali tu. Ni la bure.

Mimi nimeanza kidogo. Alhamisi iliyopita, baada ya Isha, mimi na binti wa habaryar tulienda kwa mama wa chai wa mtaa wetu. Hatukuenda dirishani. Nikamwomba kiti.

Akaniangalia kama nimeomba figo. "Hapa? Nje?"

"Hapa, eedo. Viwili."

Akafikiria. Akatoa viti viwili, akaviweka karibu na jiko lake, upande wa mkono wake wa kulia. Tukakaa. Mazungumzo ya wanaume yakakatika kama redio iliyotolewa betri. Mzee mmoja akakohoa. Kijana mmoja akasema kitu kwa Kisomali kuhusu Nairobi na moshi, wenzake wakacheka, nikajua kaona klipu. Yule mama hata hakuinua kichwa kwenye sufuria. Akasema, "Warya, viti ni vyangu. Chai ni yangu. Kuna anayelalamika kuhusu chai?"

Hakuna aliyelalamika kuhusu chai.

Tulikaa dakika arobaini. Sitadanganya kwamba ilikuwa raha. Mgongo ulikuwa umekakamaa, kikombe cha kwanza sikukisikia hata ladha. Cha pili nilikisikia. Polepole wale wanaume wakarudi kwenye mpira wao. Tukawalipa macho yao kwa kutowaangalia.

Nilipofika nyumbani hooyo alikuwa ameshapigiwa simu. Mara mbili. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Na hapo ndipo nikagundua kitu kipya. Nilikuwa na jibu. Jibu la ukweli, la sentensi moja, lisilohitaji kupangwa njiani.

"Kwa mama wa chai, hooyo. Nje."

Akanitazama kidogo. "Anaweka tangawizi nyingi sana yule," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Alhamisi ijayo naenda tena, na binti wa habaryar anasema ataleta wenzake wawili. Kama uko Garissa, Wajir, Mandera, au popote ambapo chai yako unaletewa dirishani, jaribu kuomba kiti. Usiende peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani unakoenda. Kisha niambie walikujibu nini.